Chambo cha Plastiki: Kielee au Kizame?

Nyambizi ya kivita huzama kwa kuruhusu maji yaingie katika matangi yake, na huibuka kwa kuyasukuma maji hayo nje kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Chuma chake hakipungui wala hakiongezeki. Kinachobadilika ni uzito wa chombo kizima ukilinganishwa na nafasi kinayoichukua majini. Askari wa majini hufundishwa jambo hili mapema, kwani maisha yake na ya wenzake hulitegemea.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole cha kati, nacho ni chambo laini cha plastiki, ambacho mvuvi wa ndoana hukitengeneza nyumbani kwa mfano wa nyungunyungu, samaki mdogo au kamba. Wapo wanaokitengeneza kikapendeza machoni, kikawa na rangi nzuri na mkia unaocheza, lakini kikiingia majini hakimpati hata samaki mmoja. Aghalabu kosa halimo katika rangi wala katika mkia. Kosa ni kwamba chambo kimezama mahali ambapo kilitakiwa kielee, au kimeelea mahali ambapo kilitakiwa kizame.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kukirekebisha chambo hicho, na pia yanaeleza hatari ambayo mtu huiingiza jikoni mwake asipokuwa mwangalifu. Inafaa yasomwe na bwana na bibi pamoja, maana jiko ni la wote wawili, na watoto ni wa wote wawili.

ASILI YAKE

Habari ya chambo hiki yaanzia katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani, mji uliopata sifa kwa viwanda vyake vya mpira. Mwaka 1926 mkemia mmoja wa kampuni ya B.F. Goodrich, Bwana Waldo Semon, alikuwa akitafuta gundi ya kuunganisha mpira na chuma. Alipoupasha moto unga wa kloridi ya polivinaili pamoja na kimiminiko kisichochemka upesi, hakupata gundi. Alipata kitu laini kinachonyumbulika kama mpira, ambacho leo kimo katika makoti ya mvua, vifuniko vya nyaya za umeme na vitu vingine vingi.

Katika mji huo huo, mwaka 1949, Bwana Nick Creme na mkewe Cosma walichanganya vinaili, mafuta na rangi, wakavipasha moto juu ya jiko la nyumbani kwao na kuvimimina katika kalibu yenye umbo la nyungunyungu. Vyambo vya mpira vilikuwapo tangu zamani, lakini vilikuwa vigumu na havikucheza majini. Nyungunyungu wa nyumba ya Creme alikuwa laini, akijipinda kila mshipi ulipovutwa. Wavuvi walimpenda, biashara ikakua, na baadaye ikahamia Tyler, jimbo la Texas. Kazi iliyoanza kwa mume na mke na sufuria moja ikawa kiwanda.

KWA NINI KUELEA NI JAMBO KUBWA

Samaki ambaye vyambo hivi vilibuniwa kwa ajili yake hasa ni besi mwenye kinywa kikubwa, mwenyeji wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini. Huyu si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki, kwani alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya katika miaka ya 1920, na wavuvi wa ndoana wamemfuata huko kwa miaka mingi. Hupenda kujificha kando ya magugu na magogo, akivizia. Haoni haja ya kukimbilia chakula cha mbali iwapo cha karibu kitapita mbele ya kinywa chake.

Sasa fikiri ziwa ambalo chini yake pametandikwa majani na tope. Chambo kizito hushuka, kikapenya katikati ya majani na kufunikwa. Samaki hakioni, na mvuvi akivuta hupata fungu la magugu. Chambo kinachoelea, kikifungwa nyuma ya chubwi kwa kipande cha mshipi, hakifanyi hivyo. Chubwi hukaa chini topeni, nacho chambo husimama juu ya majani kikipepea polepole, mahali ambapo jicho la samaki laweza kukifikia.

Mfano wa pili ni wa kamba wa maji baridi mwenye magando. Mwaka 1970 kamba wa aina hiyo walitiwa katika Ziwa Naivasha, nao wakawa chakula cha besi. Kamba huyo akitishwa hurudi nyuma huku ameinua magando yake juu, tayari kupigana. Chambo cha umbo lake kikiwa kizito hulala chini kama kitu kilichokufa. Kikiwa na magando mepesi yanayoelea, huku kichwa chake kikibanwa chini na ndoana nzito, magando husimama wima, na samaki humwona kamba aliye hai.

Hata hivyo, si kila mara kuelea ni bora. Siku ambayo samaki wamekaa katika kina kirefu, au ambapo upepo unausukuma mshipi huku na huku, chambo kizito hutupwa mbali na hufika chini mapema. Tena kiko chambo cha katikati, kisichozama upesi wala kuelea, ambacho hushuka taratibu kama mdudu aliyechoka. Kwa hiyo mvuvi hodari hachagui kimoja akakiacha kingine. Hujua kukifanya chambo kiwe kile anachokitaka.

HESABU NDOGO YA MTU WA KALE

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Arkimedi wa Sirakusa alionyesha kwamba kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Maji baridi ya ujazo wa sentimita moja ya mraba-pande-tatu, yaani sentimita moja ya ujazo, yana uzito wa karibu gramu 1. Basi chambo chenye uzito wa gramu 10 kikichukua nafasi ya sentimita za ujazo 11, kitaelea. Kikichukua nafasi ya 9, kitazama. Kikichukua 10 barabara, kitakaa pale kilipoachwa.

Kimiminiko kinachotumika huitwa plastisoli. Ni unga wa vinaili uliochanganywa na mafuta ya kulainisha. Kila sentimita ya ujazo ya unga huo ina uzito wa karibu gramu 1.4, na ya mafuta karibu gramu 0.985. Tuchukue mfano wa gramu 100 za mchanganyiko, ambazo 20 ni unga na 80 ni mafuta. Unga utachukua sentimita za ujazo 14.3, na mafuta 81.2, jumla 95.5. Gramu 100 katika nafasi ya 95.5 ni sawa na gramu 1.05 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa hiyo plastiki hiyo peke yake, bila kuongezwa kitu, itazama polepole katika maji ya ziwa.

Hesabu hii yaonyesha pia kwamba kuzidisha mafuta ya kulainisha hukifanya chambo kiwe chepesi kidogo. Lakini mafuta peke yake hayawezi kukifanya kielee vizuri, na yakizidi sana chambo huwa kama uji ulioganda, kikachanika kwa samaki wa kwanza.

KUKIFANYA KIZAME

Njia rahisi kuliko zote ni chumvi ya mezani. Punje ya chumvi ina uzito wa gramu 2.16 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara mbili ya maji. Ukitia gramu 20 za chumvi katika zile gramu 100 za mfano wetu, utapata gramu 120 katika nafasi ya 104.8, yaani karibu 1.15. Chambo hicho kitazama bila kusita. Ukitia gramu 100, yaani chumvi na plastisoli sawa kwa sawa, utafika karibu 1.41, nacho kitashuka kama jiwe dogo na kutupwa mbali hata bila chubwi.

Yafaa chumvi iwe laini kama unga, nayo ikaushwe kwanza juu ya kikaango. Chumvi ya mawe huacha mashimo katika chambo, na chumvi yenye unyevu ni hatari, kama itakavyoelezwa mbele. Ijulikane pia kwamba chumvi hupunguza nguvu ya plastiki. Chambo chenye chumvi nyingi huchanika upesi, na punje zilizo juu ya ngozi yake huyeyuka majini.

Asiyependa chumvi aweza kuchomeka kipande kifupi cha msumari katika kichwa cha chambo kilichokwisha kupoa. Wavuvi wa Japani na Marekani hufanya hivyo ili kichwa kitangulie kushuka na mkia ubaki juu ukitikisika.

KUKIFANYA KIELEE

Hapa kinachotakiwa ni kuongeza nafasi pasipo kuongeza uzito. Viwanda hutengeneza vitufe vidogo mno vya kioo vilivyo tupu ndani, ambavyo machoni huonekana kama unga mweupe. Uzito wake hutofautiana kwa aina. Tuseme tumepata vile vyenye gramu 0.2 kwa kila sentimita ya ujazo, maana yake gramu 1 huchukua nafasi ya 5.

Tukitia gramu 1 katika gramu 100 za plastisoli yetu, tutapata gramu 101 katika nafasi ya 100.5. Hiyo ni karibu sawa kabisa na maji, na chambo kitashuka kwa uvivu mkubwa. Tukitia gramu 2, tutapata 102 katika nafasi ya 105.5, yaani karibu 0.97, nacho kitaelea. Msomaji aona mwenyewe kwamba gramu moja tu ndiyo tofauti kati ya kuzama na kuelea. Kwa hiyo kijiko cha kukisia hakifai. Patumike mizani ndogo.

Vitufe vitiwe katika plastisoli ikiwa bado baridi, vikorogwe taratibu hadi vilowe, ili visiruke hewani. Navyo vina tabia ya kupanda juu, kama vile chumvi ilivyo na tabia ya kwenda chini. Asiyekoroga kila kabla ya kumimina atapata kalibu ya kwanza inayoelea na ya mwisho inayozama, kisha atailaumu plastiki bure.

Asiye na vitufe aweza kutumia kipande chembamba cha sponji ngumu isiyopitisha maji, akakisukuma ndani ya mwili wa chambo mahali anapotaka painuke. Njia hii haina usawa mzuri, lakini haihitaji moto.

NDOANA NAYO NI MZIGO

Wengi hujaribu chambo kitupu katika ndoo, wakakiona kinaelea, wakafurahi. Wakifika ziwani, kinazama. Sababu ni chuma. Ndoana ya gramu 1.5 huchukua nafasi ndogo sana majini, karibu 0.2, na hivyo huvuta chini kwa uzito wa gramu 1.3. Chambo cha gramu 10 chenye densiti ya 0.97 kina uwezo wa kubeba karibu theluthi moja ya gramu tu. Ndoana hiyo lazima itakishinda.

Ili chambo hicho kiibebe ndoana pasipo kuzama, yabidi gramu 10 za plastiki zichukue nafasi ya 11.3. Kwa hesabu ya mfano wetu, hilo lataka karibu gramu 4.5 za vitufe katika kila gramu 100 za plastisoli. Njia nyingine ni kutumia ndoana ya waya mwembamba. Mtu mwenye busara huanza na ndoana nyepesi, kisha ndipo huongeza vitufe, kwani vitufe vikizidi plastiki hukakamaa na mkia hauchezi tena.

JARIBIO LA NDOO

Hakuna mwalimu wa kazi hii kuliko ndoo ya maji. Chambo kikishapoa, kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa, kwa maana mafuta yaliyo juu yake hushika viputo vya hewa. Kitiwe ndoana ile ile itakayotumika. Kisha kisukumwe chini kwa kidole na kuachwa. Asikiweke mtu juu ya maji tu na kukitazama, kwa sababu kitu chepesi kikavu huweza kushikiliwa na ngozi ya maji ijapokuwa ni kizito kuliko maji.

Kikipanda, kinaelea. Kikibaki katikati, kiko sawa na maji. Kikishuka, mtu ahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kiguse chini, na kuandika hesabu hiyo katika daftari pamoja na kiasi cha chumvi au vitufe kilichotumika. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Akibadilisha chumvi, mafuta na ndoana siku moja, hatajua ni kipi kilichomfaa.

Tena maji hayafanani. Sentimita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa karibu gramu 1.025. Chambo chenye densiti ya 1.01 kitazama Naivasha, lakini kitaelea Mombasa. Anayekwenda pwani na ajaribu chambo chake katika maji ya pwani.

HATARI ILIYOMO JIKONI

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko yote. Plastisoli hupashwa moto hadi karibu nyuzi 170 au 175 za Selsiasi. Hapo kwanza huwa nyeupe kama maziwa, kisha huganda kama uji mzito, kisha hulainika na kung'aa, na ndipo humiminwa. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Basi tone moja la maji likiingia katika sufuria hiyo, au likiwa limejificha katika chumvi mbichi au katika kalibu ya plasta isiyokauka, hugeuka mvuke kwa ghafula na kuirusha plastiki juu. Plastiki ya moto hushikamana na ngozi wala haipanguswi. Ikimpata mtoto usoni, familia nzima itajuta.

Moto ukizidi, mchanganyiko hugeuka manjano, kisha kahawia, na kutoa moshi wenye gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma macho, koo na mapafu. Kwa hiyo kipimajoto si anasa katika kazi hii. Mara rangi inapoanza kugeuka, moto uondolewe, na watu watoke penye moshi.

Chukua mfano wa koplo anayeishi na mkewe na watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili, ambako jiko liko hatua mbili tu kutoka kitandani. Mahali hapo si pa kuyeyushia plastiki, hata mara moja. Kazi na ifanywe nje, penye hewa, upepo ukitoka mgongoni mwa mfanyaji, juu ya meza imara, saa ambayo watoto wako shuleni. Mfanyaji avae viatu vilivyofunika miguu, mikono mirefu, glovu nene, miwani ya kukinga macho, na barakoa yenye vichujio vya gesi na vumbi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii gesi wala vumbi la vitufe vya kioo.

Sufuria, mwiko na kikombe vilivyoingia plastisoli visirudi kamwe kupikia chakula. Vitiwe alama ya rangi nyekundu na kufungiwa mbali. Mama wa nyumba ana haki ya kukataa sufuria yake isichukuliwe, na bwana asikasirike.

Kadhalika, asitokee mtu akayeyusha kandambili, beseni lililovunjika au mfuko wa dukani akidhani plastiki zote ni moja. Hajui kilichomo ndani yake, na moshi wake waweza kuwa na sumu. Plastisoli ya vyambo haipatikani katika kila duka. Kwa kawaida huagizwa. Asiyeipata ni heri anunue chambo kilicho tayari, kisha akirekebishe kwa msumari, sponji na ndoana, kazi ambayo haihitaji moto hata kidogo.

Jambo la mwisho kuhusu watoto ni hili: mafuta ya kulainisha hutofautiana, na baadhi yake ni yale yaitwayo fithaleti. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria iliyopiga marufuku baadhi ya fithaleti katika vitu vya kuchezea watoto zikizidi asilimia 0.1, kwa kuhofia afya yao. Chambo chenye rangi tamu na umbo la mdudu humvutia mtoto, naye hukitia kinywani. Basi kiwekwe juu, ndani ya kopo lenye kifuniko.

VILIVYOCHANIKA VISITUPWE

Chambo kilichochanika kisitupwe ziwani. Plastiki hiyo haiozi upesi, huvimba majini, na samaki huimeza akaishi nayo tumboni. Mvuvi anayetupa vyambo ziwani anamharibu samaki ambaye mwanawe atamtafuta kesho. Vilivyochanika vikusanywe katika kopo, vipangwe kwa makundi, vya chumvi mbali na vya kuelea, kisha viyeyushwe tena kwa uangalifu ule ule ulioelezwa. Vikichanganywa vyote pamoja, hesabu ya kuzama na kuelea itapotea.

Tena kabla ya kutupa mshipi, mtu aulize katika ofisi ya uvuvi ya mahali pale ni samaki gani wanaoruhusiwa, wa ukubwa gani na kwa miezi gani. Mlinzi wa sheria hapaswi kuwa wa kwanza kuivunja kwa sababu yuko likizoni.

Haraka haraka haina baraka. Yule atakayepima kwa mizani, akaandika katika daftari, akajaribu katika ndoo na kuwaweka watoto mbali na moto, atafika ziwani na chambo anachokijua tabia yake. Na siku ambayo samaki hatakubali, kama zilivyo siku nyingi za mvuvi, atarudi nyumbani mikono mitupu lakini mizima, na kesho yake ataongeza gramu moja au kuipunguza.